Kitovu cha Kuazima

Mlango wa nyumba yetu ulibomolewa na kitanda. Nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani wakati huo, lakini siku hiyo naikumbuka kuliko nilichokula jana. Bibi yetu alikuwa anampikia Mwarabu mmoja mwenye duka la vitambaa, na yule Mwarabu alipohama mji alimwachia samadari, kitanda cha chuma chenye nguzo nne na vifundo vya shaba juu yake. Kikaja kwa mkokoteni, kimefungwa kamba, mtaa mzima umetoka kukitazama kama bibi harusi. Kufika mlangoni, hakipiti. Wakakilaza ubavu, hakipiti. Wakakigeuza miguu juu, hakipiti, na mmoja wa wale wasukuma mkokoteni akabanwa vidole akatoa matusi ambayo sisi watoto tuliyatumia mwaka mzima. Kufungua skrubu haikuwezekana, kutu ilishakuwa sehemu ya kitanda. Babu alirudi kutoka msikitini akakitazama kitanda, akautazama mlango, akasema kitanda hakina kosa. Akaitwa fundi, ukuta ukabomolewa, na bibi akalala kwenye samadari yake. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na mlango mpana kuliko nyumba zote za mtaa, majirani wakawa wanatuuliza gari tunanunua lini.

Nyumba yenyewe ni hizi za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Zamani Kariakoo nzima ilikuwa hivyo. Sasa imebaki yetu na nyingine mbili tatu, tumebanwa na maghorofa, jua tunaliona saa sita mchana tu likipita juu kama mtu mwenye haraka. Kila baada ya muda anakuja mtu amevaa vizuri kuuliza kama tunauza kiwanja. Tunamkaribisha maji ya kunywa, anakunywa, anaondoka.

Barazani hapo nimeshona magodoro ya sufi maisha yangu yote. Shule sikukaa sana, nilijifunza kuandika jina langu na kusoma polepole, basi. Nilichokijua ni sufi: kuichambua, kutoa mbegu, kuijaza, kupiga mishono isitembee ndani. Halafu yakaja magodoro ya sponji, yakaniua taratibu. Nimeyasema vibaya sana magodoro hayo. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba sponji ni povu, na mtu mwenye akili halalii povu. Mungu alinijibu, nitasema alivyonijibu.

Mpwa wangu, mtoto wa mwisho wa dada yangu mdogo, alizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Alikuwa mpakiaji wa malori. Unayajua yale marobota ya mitumba yanavyopangwa juu ya Fuso mpaka yanakaribia nyaya za umeme? Juu kabisa huwa kuna kijana anafunga kamba. Huyo alikuwa yeye. Alikuwa anaruka robota hadi robota huku anawachokoza walio chini, anawaambia wao ni watu wa bondeni. Siku moja kamba aliyokuwa anaivuta ikaachia. Akaja chini chali, mgongo ukakutana na ukingo wa mkokoteni. Hakutoka damu hata tone. Wenzake walicheka kwanza, walidhani anajilaza kwa utani, maana ndiyo ilikuwa tabia yake.

Kiunoni kushuka chini, hakuna kitu. Hospitalini wakatueleza kwamba ndani ya mifupa ya mgongo unapita uti, na huo ndio unaopeleka habari kutoka kichwani kwenda miguuni na kuzirudisha, na wa kwake umeumia. Muuguzi akatufundisha kumgeuza kila mara asipate vidonda, akauliza nyumbani analalia nini. Nikasema kwa fahari kwamba analalia sufi, nimeshona mwenyewe. Akasema hapana, baba, mabonge ya sufi yatamchoma ngozi naye hatasikia, mnunulieni sponji nene. Nikaenda kulinunua mwenyewe. Nililibeba kichwani nikapita mbele ya watu wale wale walionisikia miaka yote, na shikamoo nilizopewa siku hiyo zilikuwa nyingi kuliko kawaida.

Kiti cha magurudumu kilipoletwa kilipita mlangoni bila kugusa pembeni. Nyumba nyingine ingekuwa kazi ya nyundo.

Alilia mwaka wa kwanza, nisifiche. Kisha akaacha. Akajifunza kutengeneza simu, akaweka kisanduku chake cha kioo barazani pale nilipokuwa nachambua sufi, na mikono iliyokuwa inafunga marobota ikawa inashika skrubu ndogo kama punje ya ufuta. Mara mbili kwa wiki bajaji inampeleka mazoezini upande wa Upanga. Huko wanamfunga vyuma miguuni, wanamsimamisha kwenye fito, wanamvuta, wanamkunja, anarudi amelowa jasho. Na nikwambie jambo: ilifika siku dada yangu alimwekea kopo la maji baridi pajani kwa bahati mbaya, paja la kulia, naye akasema, mama, baridi. Dada yangu alikaa chini pale pale uani. Baadaye kidole gumba cha mguu huo huo kikaanza kutikisika akikiamuru. Daktari wake, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, akasema si kila uti uliojeruhiwa umekatika wote. Wa kwake una nyuzi zilizobaki, na mazoezi ndiyo yanayozifundisha kazi upya.

Hapo ndipo tulipokuwa, tuna paja moja na kidole kimoja, tumefurahi navyo, alipokuja yule bwana.

Alikuja kutengeneza simu, kioo kimepasuka. Mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, viatu vya kamba vinavyong'aa, mpole, ananukia. Aliniamkia kwa heshima zote, akaniuliza habari za afya yangu akasubiri jibu, na vijana wa siku hizi hawasubiri. Alipokiona kiti cha mpwa wangu hakukwepesha macho kama wengine. Akauliza ilikuwaje, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye ni wakala wa kliniki moja ya nje inayowasimamisha watu wa namna hiyo.

Dawa yenyewe, alisema, inaitwa seli shina. Alivyotueleza ni kwamba mwili una chembe changa ambazo hazijaamua ziwe nini, ukiziweka penye nyama zinakuwa nyama, penye mfupa zinakuwa mfupa, na zikidungwa mgongoni zinakuwa uti. Zinapatikana kwenye kamba ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa, ile ambayo wakunga wanaitupa. Akafungua simu nyingine akatuonyesha video. Mzungu mmoja anasukumwa kwenye kiti. Mzungu huyo huyo anatembea bustanini na mbwa. Mpwa wangu aliitazama video hiyo mpaka akamaliza chaji ya yule bwana.

Kwake yeye ilikuwa inaingia akilini kabisa. Simu ikizimwa na njia iliyokatika kwenye bodi, yeye hurukisha kiwaya chembamba kama unywele, analehemu huku na huku, simu inawaka. Akaniambia, mjomba, mimi nafanya hii kazi kila siku, nashangaa tu kwamba hawakuanza zamani.

Tukaenda kumuuliza daktari. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi, naye alizungumza nasi kama watu wazima. Alisema hizo seli si hadithi, wataalamu nchi mbalimbali wanazijaribu kwa watu wachache, kwa uangalifu, na wengine wanaona dalili ndogo za kutia moyo. Lakini uti si waya. Una nyuzi nyingi mno, na kila uzi una mahali pake pa kufika, ukidunga chembe ovyo hujui zitakuwa nini. Kuna watu waliodungwa wakapata usaha mgongoni, na kuna walioota uvimbe pale pale, wakapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Akamtazama mpwa wangu akamwambia, "Kaka, sikukatazi kutumaini. Siku hiyo naamini itafika. Ninachosema ni kwamba haijafika, na hao wanaiuza kabla haijafika. Wewe una paja linalosikia. Hilo usilipeleke sokoni."

Tukatoka. Kwenye bajaji mpwa wangu akasema huyu dokta ni mzuri lakini hajawahi kukaa kwenye kiti hiki. Sikuwahi kukaa mimi pia.

Basi akaamua kwenda. Akaacha mazoezi, akisema haina maana kukarabati nyumba inayobomolewa. Dada yangu akawa tayari hata kiwanja kiuzwe zipatikane pesa za hiyo tiba. Mimi nilikuwa sitaki, lakini mjomba anasema mara moja, mara ya pili anaonekana ana wivu na kiwanja. Nikanyamaza, nikawa nalitazama lile paja. Alipoacha mazoezi lilianza kukakamaa.

Aliyeleta mgogoro ni dada yangu, na hakuuleta kwa kupinga. Aliuleta kwa adabu. Kwetu kitovu si takataka. Kikidondoka kinazikwa, na mahali kilipozikwa ndipo kwako hata ukiishi Ulaya. Cha mpwa wangu kiko uani, karibu na bomba, mimi mwenyewe nilichimba. Sasa dada yangu akamwambia yule wakala kwamba amekubali kila kitu, isipokuwa hawezi kuchukua kitovu cha mtoto wa mwenzie kama mtu anayeokota embe. Kina mama yake. Anataka amjue mama huyo, amshukuru, ampe kanga, na watoto watambuane. Maana mpwa wangu akishabeba kitovu cha mtoto huyo mgongoni, hao ni ndugu. Kesho wajukuu wakija kuoana itakuwaje?

Wakala akacheka kidogo, kwa upole wake. Akasema mama, huko hospitali za nje hawaulizi majina, vinakusanywa vingi, vinawekwa kwenye barafu. Dada yangu akasema vikae tu kwenye barafu, yeye anasubiri. Mpwa wangu akamsihi mama yake mpaka akamkasirikia. Dada yangu hakutikisika. Anaweza kukubali kuuza nyumba, lakini kwenda mahali bila kubisha hodi hawezi, ndivyo alivyo tangu utotoni.

Siku chache zikapita, wakala akarudi anatabasamu. Akasema Mungu mkubwa, mama mwenye kitovu amepatikana, tena Mtanzania, alijifungulia huko nje mumewe alipokuwa anafanya kazi huko, na sasa yuko hapa hapa Dar. Atamleta Jumapili.

Nisijifanye mjanja, mimi niliamini. Hata nilifurahi. Nilisema dunia ndogo.

Jumapili dada yangu alipika pilau, akatandika mkeka mpya chumba cha mbele, akafukiza udi. Wakaja. Mwanamke alikuwa wa miaka thelathini na kitu, mnene kiasi, amejifunga mtandio wa buluu, macho chini. Wakala akavua viatu vyake vya kamba mlangoni akaketi kwenye kiti karibu na mlango, simu mkononi. Mpwa wangu alikuwa kwenye kiti chake, amenyoa, amevaa kanzu ya Idi. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu enzi za marobota. Akamtania yule mgeni kwamba kuanzia leo akitaka kumtuma dukani amtume tu, miguu ikishapona.

Mgeni alicheka kidogo, kisha akaacha.

Walikula. Baada ya kula dada yangu akamnawisha mgeni mikono yeye mwenyewe, akampaka marashi, akamfunika doti ya kanga mabegani. Kisha akachukua mkono wa mpwa wangu akauweka ndani ya mkono wa yule mwanamke, akaishika mikono yote miwili pamoja. Mimi nilidhani atasema ahsante yaishe. Dada yangu akaanza kumkabidhi mtoto.

"Mwenzangu," alimwambia, "huyu nimemzaa mimi. Lakini nusu yake imelala, na ukiiamsha wewe basi tumemzaa wote. Mimi ni mtu mzima, naweza kutangulia. Nikitangulia, mama yake ni wewe. Anageuzwa kulia kwanza, halafu kushoto, usimwache upande mmoja akasahaulika. Mpira wa mkojo unachemshiwa maji. Akinyamaza sana ujue ana homa, maana yeye kuumwa hasemi. Akikutania usimkasirikie, ndiyo namna yake ya kulia. Mimi na mwanao nitakuwa naye hivyo hivyo. Akiugua nipigie, nitakuja kumlalia hospitali."

Yule mwanamke alikuwa anaangalia mkeka. Dada yangu, bila nia yoyote mbaya, kwa mazungumzo ya kina mama ya kila siku, akamuuliza mtoto ana umri gani sasa, na kitovu chake kilidondoka salama? Kama ni wa kiume hakikumwangukia mahali pabaya? Hilo wanawake wetu wote wanaulizana, maana inaaminika mtoto wa kiume kikimwangukia sehemu zile basi uzazi hana. Mama yeyote hapa mjini atakusimulia siku kitovu kilipodondoka, nani alikuwa amembeba, alikuwa anamkanda na nini. Ni kama kumuuliza mtu jina.

Wakala akasema huko nje mambo hayo yanafanywa na manesi, mama. Hakuna aliyemtazama.

Mgeni akaitoa kanga mabegani. Aliikunja vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akaiweka mapajani mwa dada yangu.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mimi sijawahi kuzaa. Nimeolewa, nimeachwa kwa ajili hiyo. Niliambiwa ni jambo dogo tu, kuna bibi mmoja hataki mtoto wake apone mpaka aone mtu, nikae nile niondoke. Sikujua nitapewa mtoto."

Akaanza kulia. Na dada yangu, hapo ndipo utajua ni mtu wa namna gani, hakuuliza wala hakupiga kelele. Aliichukua ile kanga akamfunika tena mabegani, akamwambia hii nimeshakupa, kwetu hatunyang'anyi. Akamvutia kwake, wakakaa wote wawili wanalia, mmoja kwa lake.

Mimi nilitaka kusimama, sijui nilitaka kufanya nini, mzee wa umri wangu. Mpwa wangu akanishika kanzu nikakaa. Alikuwa bado anaushika ule mkono mwingine wa mgeni, hakuuachia. Uso wake ulikuwa umetulia, nami niliogopa utulivu huo kuliko angepiga kelele. Akamgeukia wakala.

"Kaka, yule wa kwenye video, yule mwenye mbwa. Unamjua?"

Wakala akasema yule ni mtu wa kweli kabisa, kliniki ndiyo iliyotuma video, yeye kazi yake ni kuunganisha watu tu, hili la leo ni kosa dogo la kutaka kumridhisha mama, lisichanganywe na tiba. Aliongea vizuri kama kawaida. Sijui mpaka leo kama naye alikuwa ameamini anachokiuza. Inawezekana. Watu wengi wanauza vitu wanavyoviamini.

"Nimekuuliza unamjua?"

Akasema hapana, uso kwa uso hajaonana naye.

"Basi kama la mama yangu umeweza kulitengeneza, la mgongo wangu nani ataniangalizia nikiwa nimelala kifudifudi huko?" mpwa wangu akasema. Hakupandisha sauti. "Siendi. Kesho nipelekeni mazoezini, mjomba. Siku dawa hiyo ikifika mlango wa hospitali yetu, yule dokta akaniambia sasa panda kitandani, nitapanda. Nitaingoja nikiwa na paja langu."

Dada yangu akainua kichwa. Akasema, haya, amesema mwenyewe.

Nami nitasema neno langu hapa, maana nimeona mambo mengi yaliyoonekana hayawezekani na leo watoto wanayachezea: naamini itafika. Labda isinikute mimi, lakini yeye itamkuta, na itamkuta ana misuli.

Wakala akasimama. Akasema amesikia, anaheshimu, ila wasikate shauri haraka, ngoja atoke nje ampigie daktari wa kliniki azungumze nao moja kwa moja, ndani humu mtandao unasumbua kwa sababu ya maghorofa. Akaenda mlangoni akaketi kwenye kizingiti kuvaa viatu. Alizifunga zile kamba bila haraka, kiatu cha kwanza, kiatu cha pili, akajifuta vumbi la suruali, akasema narudi sasa hivi. Kutoka nilipokuwa nimekaa nilimwona amesimama barazani simu sikioni, hasemi kitu. Kisha akashuka. Alikwenda kama mtu anayetafuta mtandao, hatua chache, anasimama, hatua chache tena, mpaka pale mtaa wetu unapomwagikia Mtaa wa Kongo, kwenye nguo zilizotandazwa chini na wateja wasiohesabika, akaingia katikati yao kwa miguu yake mizuri, na hakurudi.